NYUMBANI KWETU: Binti anataka kusomea kuimba na kuigiza

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya kugawana kazi za nyumbani kati ya wavulana na wasichana. Tusameheni, hiyo itangoja kidogo. Kuna jambo liliingia nyumbani kwetu kwa njia ya simu, na tumeona tuliweke hapa, maana wengi wenu mna watoto ng'ambo, na siku moja simu kama hiyo itawapigia nyinyi.

Wanaotufahamu wanajua kwamba tulimlea mtoto wa marehemu dada yake mama wa nyumba hii. Alikuja kwetu akiwa na miezi saba, akanyonya na wa kwetu. Lakini kwenye karatasi aliandikwa kadi moja na nyanya yake na mjomba wake, na kadi hiyo ndiyo iliyoitwa. Mwaka 2016 wakapanda basi, kisha ndege, wakafikia Louisville, mji wa jimbo la Kentucky huko Marekani ambako Wakongo wamekuwa wengi. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Sisi kesi yetu ilikuwa nyuma, tukaambiwa tusubiri.

Basi mwezi wa nane mwaka 2024, saa tano usiku hapa, kwao ikiwa saa kumi jioni, simu ikalia. "Shikamoo mama mdogo. Shikamoo baba mdogo. Naomba mnisemee kwa nyanya."

Mtoto akianza hivyo mzazi anajua tu. Tukadhani ni mimba. Tukasema sema mwanetu. Akasema amebakiza mwaka mmoja wa sekondari, na anataka kwenda chuo kikuu kusomea michezo ya kuigiza ya nyimbo.

Sisi kimya. Baadaye tukauliza: nyimbo gani, za kwaya? Akasema hapana, ni mchezo wa kuigiza kama teatri, ila watu wakifika mahali maneno hayatoshi wanaimba, na kuimba kukizidi wanacheza, na vyote mtu mmoja anavifanya kwa pamoja bila kupumzika. Tukamuuliza, na hiyo inasomewa miaka mingapi? Miaka minne. Mnatuona tulivyobaki tunaangaliana.

Hapa kambini maigizo tunayajua. Ni vile vikundi vya vijana vinavyopita na ngoma na kipaza sauti, vikifundisha juu ya kipindupindu, UKIMWI na kupiga wake. Tunacheka, tunapiga makofi, tunarudi kwenye foleni ya bomba. Kijana anayeigiza ni kijana anayengoja kitu kingine. Hatujawahi kumwona mtu analisha watoto kwa kuigiza. Kwa hiyo tusijifanye wema, jibu letu la kwanza lilikuwa baya. Tulimwambia asome uuguzi, kama mjomba wake alivyopanga.

Na nyanya yake alikuwa ameshasema neno lake. Alisema: "Sikuvuka Tanganyika nikimshika mama yako mkono ili wewe ukacheze mbele ya watu."

Ikabidi tuulize vizuri, maana mtoto hakuacha kupiga. Kumbe kazi hii huko ni kazi kweli. New York kuna mtaa unaitwa Broadway, na kando yake majumba makubwa ya maonyesho, watu wanalipa kiingilio kila siku. Mmoja wa michezo hiyo, The Lion King, unaonyeshwa huko tangu Novemba 1997, na humo ndani wahusika wanaitwa Simba na Rafiki, maneno yetu haya haya. Nyimbo zake za kwaya alizitunga Lebo M, mtu wa Soweto aliyekuwa ameikimbia Afrika Kusini ya ubaguzi akaishi ugenini. Tena kuna ile The Sound of Music, ya mwaka 1959, juu ya familia ya waimbaji iliyoondoka Austria mwaka 1938 baada ya Hitler kuichukua nchi yao. Tulishangaa. Yaani watu wanakata tiketi kwenda kuangalia wakimbizi wakiimba.

Lakini hatutawadanganya. Binti mwenyewe alikiri kwamba hata wenye diploma wengi wanakaa miezi bila kazi ya jukwaani, wanauza chakula mgahawani huku wakitafuta. Mjomba alilishika hilo neno kama mwizi ameshikwa.

Sasa tuwaeleze inavyoingiwa, maana ndipo tulipojifunza. Tulifikiri ni kama masomo mengine: unapeleka alama zako, wanakuita. Sivyo. Alama zinatakiwa, vyuo vingi vinakutaka upite pande zote mbili, darasani na jukwaani. Ila kwanza unajirekodi video na kuituma kati ya mwezi wa tisa na mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Ndani yake kuna nyimbo mbili zisizofanana, mara nyingi moja ya zamani na moja ya siku hizi, kila moja dakika moja au moja na nusu tu. Kuna maneno ya mhusika mmoja, unayasema peke yako kama vile mwenzako yuko mbele. Kuna kucheza. Wakiipenda video ndipo wanakuita uje wakuone kwa macho, mwezi wa kwanza hadi wa tatu. Programu kubwa, kama za University of Michigan au Carnegie Mellon, zinachukua vijana wachache tu kwa mwaka, na wanaoomba ni mamia kwa mamia. Jirani yetu aliposikia hivyo alisema hiyo ni sawa na kugombea kwenda nchi ya tatu.

Hapo tukaingiza ushauri wetu, na ndio tunaona aibu kuuandika. Tulimwambia: mwanangu, una silaha ambayo watoto wao hawana. Simama mbele yao uwaambie wewe ni mkimbizi, mama yako alikufa, umeona vita. Watalia, watakupa nafasi. Mjomba naye, aliyekuwa hataki kabisa, kwa hilo alikubaliana na sisi. Alisema kama ni lazima aende, basi aende na huruma yao.

Binti akanyamaza, kisha akasema: "Mama mdogo, mimi sikuona vita. Nilizaliwa hapo kambini. Vita ni vya nyanya, si vyangu kuviuza."

Tena akatueleza kwamba hata wangetaka, haifai. Yale maneno ya mhusika yanatakiwa yatoke kwenye mchezo ulioandikwa na kuchapishwa. Hawaji kusikia maisha yako. Wanataka kuona kama unaweza kuchukua maneno ya mtu usiyemjua ukayasema kana kwamba umeyazaa wewe. Ya maisha kuna insha unayoandika kwenye fomu, na huko alisema ataandika kidogo, juu ya kuteka maji saa kumi za usiku.

Wazazi wenzetu, tumezoea. Miaka yote hii, kila meza tunayokaa mbele yake tunaulizwa habari za mikasa, na anayeeleza vizuri ndiye anayesikilizwa. Tukadhani kila mlango wa duniani unafunguliwa kwa ufunguo huo huo. Mtoto wa miaka 17 ndiye aliyetuambia kuna mlango mwingine unaofunguliwa kwa kuimba tu.

Kuna vyuo vinaomba na video ya ziada ya dakika moja, ufanye chochote unachojua. Wenzake wanapiga gitaa, wengine wanaruka sarakasi. Yeye akaomba kinu. Mjomba wake alinunua kwa Mkongo mwenzao, akaanza kutwanga sombe akiimba ule wimbo anaoimbaga mama wa nyumba hii. Ghorofani! Jirani wa chini alipanda kugonga mlango mara mbili. Mwishowe akarekodia kwenye maegesho ya magari, kwenye baridi, sombe ikiwa ya kweli, na jioni waliipika. Tulitumiwa ile video, tukaiangalia kwenye simu moja watu kumi na wawili mpaka bando likaisha.

Tatizo lilikuwa kucheza. Vyuo hivi vinauliza baleti, jazi, na kucheza na viatu vyenye chuma chini vinavyogonga sakafu. Watoto wa wenye pesa wameanza wakiwa na miaka minne. Yeye alikuwa na mwaka mmoja tu wa darasa la bure shuleni kwake. Mwalimu wake alimwambia asijifiche: wanaangalia sana kama mtu anashika haraka anachoonyeshwa, na kama akikosea anaendelea bila kuvunjika uso. Hilo tukacheka. Nani kambini hajajifunza dansi kwa kuchungulia mara moja kwenye dirisha la kibanda cha video?

Aliomba vyuo saba. Kila fomu ina ada yake, na video nayo mara nyingine ina ada yake pembeni. Mkiwa na ndugu huko waambieni hivi: mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada ya fomu, mshauri wa shule ndiye anayesaidia kuomba, wala si aibu. Nyanya alikuwa tayari kuuza pete. Haikuhitajika. Na mtu akija kusema mpe pesa atakuhakikishia nafasi, huyo ni yule yule tunayemjua sisi hapa, amevaa tai tu.

Vyuo vinne vilisema hapana kwa video peke yake. Vitatu vikamwita.

Wakati huo huo, mwezi wa kwanza 2025, serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Mnakumbuka wiki ile hapa ilivyokuwa. Kesi yetu ilikuwa imefika mahali pazuri, tulikuwa tumeshapimwa afya. Ikalala, na mpaka leo imelala. Tulikaa siku tatu bila kumwambia binti, tukiogopa atavunjika moyo kabla ya safari yake. Kumbe yeye alijua kabla yetu, naye alikuwa anatuficha sisi.

Mwezi wa pili vyuo vingi hukutana Chicago, vinakodi vyumba hotelini, ili kijana asizunguke nchi nzima. Vinafanya hivyo New York na Los Angeles pia. Na nani aliyempeleka Chicago? Mjomba yule yule. Aliomba ruhusa ghalani, akaendesha saa tano kwenye theluji. Alisema anakwenda tu ili mtoto asipotee mjini.

Voisi aliyotutumia kutoka kwenye korido ya hoteli tumeihifadhi. Anasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, huku ni maajabu. Watoto wa watu wamejaa kwenye ngazi, kila mmoja anaangalia ukuta anauimbia. Wengine wanatetemesha midomo, brrr, kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Hakuna anayemcheka mwenzake. Na wazazi tumekaa chini, tumeshika makoti, kama siku ya usaili." Baadaye kidogo anaongeza: "Wa kwetu naye anatetemesha."

Kwenye chuo cha kwanza aliharibu. Unapoingia unampa mpiga piano karatasi zako za noti, umeziweka alama pa kuanzia na pa kuishia, kisha unamwimbia taratibu mstari mmoja ajue mwendo. Yeye kwa woga alimpa tu, akakimbilia katikati ya chumba. Piano ikaondoka mbio, naye akaufukuza wimbo mpaka mwisho kama mtu aliyeachwa na basi. Alitoka analia. Mjomba hakujua la kusema, akampa ndizi. Kwenye chuo cha pili alikwenda kwa mpiga piano, akamsalimu, akainama, akamwimbia mstari polepole. Hapo aliimba.

Kwenye kucheza walibandikwa namba kifuani, watu 30 chumba kimoja, wakaonyeshwa hatua kwa dakika chache. Aligeukia kushoto wenzake wote wakigeukia kulia. Akaendelea na uso ule ule, akarudi kwenye mstari.

Chuo cha tatu walikuwa wameiona ile video ya kinu. Mzee mmoja nyuma ya meza akamuuliza nani alimfundisha kuimba. Akajibu: "Mama yangu mdogo, tukitwanga." Binti alipotusimulia hayo, mama wa nyumba hii aliondoka kwenda kuangalia jiko, na jiko lilikuwa limezimwa tangu saa moja.

Majibu yalikuja mwezi wa tatu. Chuo cha piano ya mbio, hapana. Cha pili, wakamweka kwenye orodha ya kungoja, orodha ambayo haikusogea. Cha tatu, ndiyo.

Tulipiga vigelegele mpaka balozi akaja kuuliza nani ameolewa. Baadaye ikaja karatasi ya pesa. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba msaada wa serikali ya Marekani kwa fomu inayoitwa FAFSA, na kwa familia maskini kuna ruzuku ya Pell isiyorudishwa, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka ule wa masomo kilikuwa dola 7,395. Chuo nacho kiliongeza chake. Lakini chuo kilikuwa cha binafsi, na ukijumlisha yote bado pengo lilibaki, kila mwaka kwa miaka minne. Ilitakiwa mkopo, na mjomba asaini. Kule mwanafunzi kwa kawaida anatakiwa ajibu kabla ya tarehe 1 Mei. Siku zile tulikuwa tunaongea kila usiku, nyanya upande mmoja, mjomba upande mwingine, na sisi huku tunanunua vocha kwa pesa ya mafuta ya kupikia.

Mjomba alisema angesaini. Tunataka mjue hilo. Yule mtu wa uuguzi alisema lete hiyo karatasi.

Binti ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kuimba akiwa amebeba deni la mjomba kichwani. Alikuwa ameomba pia chuo kikuu cha serikali cha jimbo lake, ambako mkaazi wa jimbo analipa ada ndogo, na kuna shahada ya kawaida ya maigizo ambayo hakuna usaili wa kuingilia. Si ile aliyoiota. Hakuna baleti kila asubuhi. Akaenda huko mwezi wa nane 2025, na mwisho wa wiki anafanya kazi ya kusaidia wazee kwenye nyumba ya kulelea, baada ya kozi fupi ya wiki chache. Kwa hiyo uuguzi nao umepata sehemu yake, ingawa mjomba anasema hiyo siyo aliyomaanisha.

Sisi tulisikitika kuliko yeye, na bado kuna siku tunajiuliza. Mlango ulifunguka, akautazama, akaufunga mwenyewe taratibu. Wengine hapa wanasema alikosea, nafasi kama ile hairudi. Mama mmoja wa kwaya alitukemea kabisa, akasema tungemlazimisha. Hatuna jibu la kumpa.

Vijana wa hapa mnaotuuliza: kwa njia ile ya ndege, mmeona hali. Ila sanaa inasomewa hata Tanzania, kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho. Kuna ufadhili wa DAFI kwa wakimbizi wanaokwenda chuo kikuu, ulioanza mwaka 1992. Kibali cha kutoka kambini ni shida, mnajua wenyewe, ulizeni mapema ofisini kabla ya muhula.

Mwezi wa kumi na moja chuo chake kilionyesha mchezo unaoitwa Fiddler on the Roof. Ni wa mwaka 1964, unahusu Wayahudi wa kijiji kimoja Urusi, mwaka 1905, na mwisho wake wanafukuzwa wote kijijini, wanafunga mizigo na kuondoka. Kuingia humo ilibidi aimbe tena mbele ya meza. Akapewa nafasi kwenye kundi la wanakijiji, nyuma, bila jina.

Nyanya alikwenda. Alivaa kitenge kile cha safari ya ndege. Tulingoja kusikia atasema nini, maana tangu ile siku ya Tanganyika hakuwahi kulifuta neno lake. Voisi ilikuja usiku wa manane, dakika nne. Hakusema lolote juu ya kuimba. Alisema: "Wale watu wamefunga mizigo vibaya. Mtu anayekimbia hafungi sufuria juu, sufuria inapiga kelele, wanakusikia. Sufuria inakaa ndani ya nguo. Na yule mama amebeba mtoto mbele, kwa nini? Mtoto anakaa mgongoni, mbele unabeba unga. Nimemwambia huyu mjukuu awaambie."

Akawaambia. Mwalimu wao aliomba nyanya aje jukwaani mapema kabla ya onyesho la pili, na watoto wale wa Kizungu wakasimama mstari, kila mmoja na furushi lake, nyanya akapita akifungua na kufunga upya, mmoja baada ya mwingine, huku mjukuu akitafsiri.